Mlevi apewe ini jipya au asipewe?

Hii mada ikiguswa tu watu wanagawanyika hapo hapo. Kuna wanaosema mtu kaliharibu ini lake kwa mkono wake mwenyewe, sasa kwa nini apewe la pili wakati kuna mtoto kazaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba na hajawahi hata kuonja pombe. Na kuna wanaosema uraibu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na mgonjwa haachwi afe eti kwa sababu ugonjwa wake unaudhi watu. Mi naona pande zote zina kitu cha kweli, ila mjadala unapotea pale tunapochanganya maswali mawili, huyu mtu anastahili? na huyu mtu ini jipya litamsaidia? Ukiyasikia haraka haraka unaona ni kitu kimoja, lakini majibu yake yanaenda njia tofauti kabisa.

Kwanza tuelewe kwa nini ini ni kesi ngumu kuliko figo. Figo zikifeli kuna dialisisi, yaani mashine ya kuchuja damu, mtu anasogeza miaka huku anasubiri. Ini likifeli hakuna mashine ya kukusogeza miaka, ni upandikizwe au ndo basi, na maini yanayopatikana ni machache kuliko wanaoyahitaji, kwa hiyo kila ukimpa mmoja kuna mwingine amebaki kwenye foleni na wengine wanafia humo humo kwenye foleni. Anayeuliza maswali magumu hapa tusimwone ana roho mbaya, anaangalia hesabu.

Hoja ya upande huo iliandikwa vizuri sana mwaka 1991 na madaktari wawili wa Marekani, Alvin Moss na Mark Siegler. Hawakusema mlevi asipewe kabisa, walisema apangwe nyuma ya wale ambao ini limeharibika bila wao kuchangia chochote, kwa sababu ulevi unatibika na mtu alikuwa na wajibu wa kutafuta matibabu mapema kabla mambo hayajafika huko. Wakaleta pia suala la imani ya watu, na hili mi nalichukulia kwa uzito kabisa. Ini mara nyingi linatoka kwa marehemu, yaani kuna familia iko katikati ya msiba, maiti haijapoa, na inaombwa ikubali. Familia hiyo ikiamini viungo vinaenda kwa watu watakaorudi baa wiki ijayo itakataa, na ikikataa anayeumia ni kila mtu kwenye foleni, hata yule mtoto.

Na mfano ambao watu hawausahau upo. George Best, yule nyota wa zamani wa Manchester United, alipandikizwa ini London mwaka 2002 kwa gharama za umma, akarudia pombe hadharani, akafariki Novemba 2005 akiwa na miaka 59. Watu walikasirika sana na siwalaumu. Lakini tatizo la mfano mmoja maarufu ni kwamba unafunika mingine yote. Mickey Mantle wa beziboli alikuwa ameshaacha pombe zaidi ya mwaka alipopewa ini Juni 1995, Agosti akafa, ila kilichomuua ni kansa iliyokuwa imesambaa, chupa hakuigusa. David Crosby, mwanamuziki ambaye ini lake liliharibiwa na hepataitisi C, ugonjwa wa ini wa virusi, pamoja na miaka mingi ya ulevi na madawa, alipandikizwa 1994 na akaishi mpaka 2023. Sasa ukiniambia nitunge kanuni kutokana na mastaa watatu ntakwama tu.

Turudi kwenye kustahili. Mwaka huo huo 1991 wanafalsafa wa Marekani Carl Cohen na Martin Benjamin walitoa hoja ya upande wa pili na mpaka leo sijaona mtu ameijibu ikaisha: wagonjwa wengine hatuwapimi tabia, kwa nini huyu tu? Aliyemeza paracetamol nyingi kwa kutaka kujiua zikaharibu ini lake anapewa jipya. Aliyepata hepataitisi C kwa kuchangia sindano za madawa anapewa, na kabla dawa mpya hazijaja miaka kumi na kidogo iliyopita virusi vilikuwa vinarudi kwenye ini jipya karibu kwa kila mtu, lakini hawakunyimwa kwa sababu hiyo. Mwenye ini la mafuta kutokana na uzito na kisukari anapewa, na hakuna anayemuuliza alikuwa anakula nini. Alafu kuna hili, kati ya watu wanaokunywa sana kwa miaka mingi ni wachache tu, kama 10 hadi 20 katika 100, wanaofikia ini kusinyaa kabisa. Waliobaki walikunywa vile vile wakasalimika, kwa sababu ya vinasaba na bahati. Kwa hiyo ukisema unaadhibu kosa, ujue unaadhibu kosa la mmoja na wenzake wenye kosa lile lile unawaacha wanatembea.

Hapo kwangu swali la kustahili limekufa. Linabaki la pili, litamsaidia? na hili ndo gumu kweli.

Kwa muda mrefu jibu la hospitali nyingi lilikuwa kalenda, akae miezi 6 bila pombe kwanza. Sheria hii haijatoka hewani, ina sababu moja nzuri ya kitabibu ambayo watetezi wa wagonjwa wanapenda kuiruka. Ini lina uwezo wa kujijenga, kuna watu wakiacha pombe miezi kadhaa wanapata nafuu mpaka wanatolewa kwenye listi, hawahitaji tena upasuaji, na hilo ni jambo jema kwao na kwa wenzao. Ila kama kipimo cha nani atarudia pombe, miezi 6 ni dhaifu. Kinachotabiri zaidi ni vitu kama ana watu wa kumshika mkono, alishajaribu matibabu mara ngapi yakashindikana, ana ugonjwa mwingine wa akili ambao haujatibiwa, anakubali kwamba ana tatizo au bado anabisha.

Na kuna wagonjwa ambao kwao kalenda ni hukumu ya kifo kabisa. Chukua mtu mwenye ini lililovimba ghafla kwa pombe, ile kali. Macho ya njano kama manjano yenyewe, tumbo limejaa maji linatolewa kwa bomba na kesho limejaa tena, anaanza kuchanganya majina ya watoto wake kwa sababu sumu zimepanda kichwani. Anapewa dawa za steroidi za kutuliza uvimbe, siku ya saba wanapima damu kuona kama zinafanya kazi, na zisipofanya kazi wengi hawafiki hata miezi miwili, achilia mbali sita. Unamwambiaje huyo aende akathibitishe ameacha pombe?

Madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji waliamua kuvunja hiyo kanuni kwa majaribio, matokeo yakatoka 2011. Wagonjwa 26 wa aina hiyo walipandikizwa bila kusubiri, na baada ya miezi 6 asilimia 77 walikuwa hai, huku wagonjwa wenye hali kama yao ambao hawakupandikizwa walikuwa hai asilimia 23 tu. Waliorudia pombe walikuwa 3. Baadaye Marekani wakafuatilia watu 147 kwenye hospitali 12, miaka mitatu baada ya upasuaji asilimia 84 walikuwa hai, ila karibu theluthi moja walikuwa wamewahi kugusa pombe tena. Namba hiyo ya mwisho isifichwe. Lakini pia kugusa sio sawa na kurudi kuzama, wanaoharibu ini jipya ni wale wanaorudi kunywa kwa fujo na hao ni wachache zaidi.

Kinachonisumbua kwenye ile ya Ufaransa ni kingine kabisa. Waliochaguliwa walikuwa chini ya asilimia 2 ya wagonjwa waliolazwa na hali hiyo, na walitakiwa wawe na familia inayowashikilia na timu nzima ya madaktari ikubaliane kila mmoja. Kwa maini yaliyopo ni sawa, walitumia kama asilimia 3 tu ya yote, wenzao hawakuumia sana. Ila angalia nani anapita kwenye chujio hilo. Mwenye mke anayekuja wodini kila siku anapita. Mwenye kazi na nyumba anapita. Aliyefukuzwa na ndugu zake kwa sababu ya pombe ile ile hana wa kumsemea kwenye kikao, na huyo hatumwiti mkosaji tena, tunamwita mtu asiye na msaada wa kijamii, matokeo ni yale yale.

Hoja ya foleni nayo ina mahali inapoisha nguvu. Huko Ontario, Kanada, mwanamke mmoja alikuwa tayari kutoa kipande cha ini lake kwa mumewe, hakuna mtu kwenye foleni ambaye angenyimwa chochote, lakini mume hakuwa ametimiza miezi 6 na alifariki 2010. Mjane alipambana mpaka mahakamani, na 2018 mkoa ukaanza mpango wa majaribio wa kupandikiza bila sharti hilo. Najua kuna jibu, kwamba mtoaji aliye hai anahatarisha maisha yake na daktari hawezi kumkata mtu mzima kwa matumaini hafifu, na ni jibu la haki. Ila hilo ni jibu la hatari ya mtoaji, halihusiani na miezi 6.

Mi msimamo wangu ni kwamba masharti yawepo na yawe makali, ila yawe ya pande mbili. Hospitali inayomwambia mgonjwa aache pombe iwe na mtaalamu wa uraibu pale pale kwenye timu ya ini, kabla na baada ya upasuaji, na ipime damu mara kwa mara, siku hizi kuna kipimo kinachoonyesha pombe ya wiki kadhaa nyuma. Kumwachia mtu kipeperushi na namba ya simu alafu miezi 6 baadaye unamwuliza umefaulu? hiyo siiti tiba. Mgonjwa naye akipewa msaada wote huo akaukataa waziwazi, anyimwe, na tumwambie sababu ni kwamba ini halitadumu.

Na aliyepewa, akarudia, akaliua ini la pili kwa kunywa? Atibiwe uraibu, atunzwe wodini kama mgonjwa yeyote, asitukanwe. Ini la tatu nisingempa. Kosa lake ni lile lile la mwanzo na mwanzo nilishasema halihesabiki, ila safari hii swali la pili limeshajibiwa na mwili wake mwenyewe, na kuna mtu kwenye foleni ambaye kwake bado halijajibiwa.