Kwetu ndo kuna malori, huku ndo kuna ruhusa ya kuyapiga picha

Wiki hii nilikuwa Maasvlakte, kule mwisho kabisa wa bandari ya Rotterdam, Uholanzi, sehemu ambayo ilikuwa bahari wakaifukia mchanga na ile ya pili wakaifungua 2013, nimesimama pembeni ya barabara na kamera yangu nasubiri Scania moja ya V8 ambayo dereva wake kaichora ubavu mzima na kuijaza taa mpaka wapenzi wa malori huku wengi wanaijua. Gari ya ulinzi ikaja ikasimama karibu yangu. Mimi mtoto wa Temeke, gari ya ulinzi ikisimama karibu na mtu mwenye kamera najua kinachofuata, nikaanza kutafuta kitambulisho kabla hata sijaulizwa. Yule mlinzi akashusha kioo akaniambia hapo jua litakupiga usoni, vuka ng'ambo, kule wakitoka getini wanapunguza mwendo kwa ajili ya kona, utapata picha nzuri. Akaondoka zake.

Jamani ni hicho tu. Lakini nimekiwaza tangu siku ile na kinaniuma, kwa sababu malori yenye kutazamika yako kwetu, sio huku.

Najua washaanza kusema huyu kapanda ndege juzi leo anatufundisha. Hapana ndugu yangu. Nimekulia jirani na Kurasini, nimelala na kuamka na honi za semi, najua Barabara ya Mandela ikishika foleni inakuwaje na najua vumbi la yadi za makontena likoje kifuani. Sisemi huku ni peponi. Huku malori karibu yote ni mapya, masafi, kichwa cha ekseli mbili na tela la ekseli tatu, DAF, Volvo, Scania, DAF tena, sheria za moshi zinayasukuma ya zamani yaondoke, ukisimama saa moja umeyaona yote. Kasimame sasa makutano ya Tazara, Dar, saa hiyohiyo moja. Utaona Scania 113 imebeba miaka zaidi ya thelathini mgongoni bado inavuta kontena, nyuma yake Howo mpya ya Mchina inang'aa, nyuma yake Freightliner ya Kimarekani ina namba za Zambia, halafu Actros, halafu FAW, halafu semi ina namba za Rwanda, halafu DAF ambayo mlangoni bado ina jina la kampuni ya Uholanzi na namba ya simu ya huko, na nyuma imeandikwa kwamba usukani uko kushoto. Hakuna mtu wa Ulaya anayeona mchanganyiko huo mahali pamoja. Hapo sijagusa maandishi kwenye mabodi, dua, majina ya watoto, vijembe kwa majirani, vyote kwa rangi ya mkono na dereva au tajiri kalipa mfukoni mwake.

Na wanaosema malori yetu ni mikweche tu, hebu tulia. Kikomo cha uzito Afrika Mashariki ni tani 56. Uholanzi lori la kawaida linaishia tani 50, nchi nyingi za Ulaya ni 40 au 44, na yale marefu ya hapa ya mita 25.25 ndo yanaruhusiwa kufika 60, nayo yana kibali chake na barabara zake maalum, na nchi yenyewe imelala chapa kama meza. Sisi zile 56 tunazipandisha mlima Kitonga. Zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar mpaka Tunduma, mpakani na Zambia, halafu dereva anaanza foleni, wengine wanaendelea mpaka Lubumbashi huko Kongo. Kwa hiyo nikisimama huku pembeni ya barabara kuu ya A15 nikisikia watu wanasifia injini kwamba imara, mi nanyamaza tu, moyoni nasema hamjaona kitu.

Sasa kwanini picha zote nilizonazo ni za huku? Kwa sababu kwetu mtu anayepiga picha lori ni mshukiwa. Madereva hawana shida kabisa, hilo nalisema wazi, dereva wa kwetu ukimwinulia kamera anapiga honi, utingo anatoa kichwa dirishani anacheka, wanataka uwatumie. Shida ni yule anayetokea asiye na sare anauliza unapiga kwa kibali cha nani, na tajiri anayedhani umetumwa na watu wa mapato au na watu wa bima, na mlinzi wa yadi anayekwambia futa, futa zote, mbele yangu. Nilishafutishwa picha nikiwa nje ya uzio, barabarani, sehemu ambayo mama muuza mahindi amekaa siku nzima anaitazama hiyohiyo yadi kwa macho yake mawili na hakuna anayemuuliza.

Utaniambia bandari ni usalama wa taifa. Sawa, tuongee hilo taratibu maana ndo jibu linalorushwa kila siku. Sheria ya Usalama wa Taifa ipo toka 1970, maeneo yaliyolindwa yalindwe, sina ugomvi. Lakini Rotterdam nayo ni bandari, tena kubwa kuliko zote Ulaya, na iko chini ya kanuni zilezile za kimataifa za usalama wa meli na bandari, ISPS, zilizoanza kutumika Julai 2004 baada ya Septemba 11, na sisi tumo humohumo. Ndani ya geti hapa huingii na kamera yako hovyo bila ruhusa, watakutoa, na wana haki. Tofauti ni kwamba hapa usalama unaishia kwenye uzio. Kwetu unatoka nje, unavuka barabara, unakukuta umesimama kituo cha daladala. Lori likishatoka getini limebeba kontena lenye lakiri linaonekana na mji mzima, picha yangu imeongeza siri gani pale? Nataka mtu anijibu hilo bila kunitukana.

Halafu kuna wa "una shida gani na maisha, watu wana matatizo ya maana wewe unahangaika na malori." Huyu ndo ananikera kuliko wote. Malori ndo yaliyosomesha nusu ya watu ninaowajua. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake 1965 na Zambia ikabanwa, ni malori yaliyopitisha mafuta kwenda na shaba kuja, kwenye barabara mbovu mpaka ikaitwa njia ya jehanamu, miaka ile bomba la mafuta halijakamilika na reli ya TAZARA haijajengwa. Zilikuwa Fiat zile za 682, wazee wa Mbeya na Makambako wanazijua mlio wake. Baadaye kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kikawa inaunganisha Scania, mikono yetu wenyewe. Hii ni historia ya nchi. Niambie sasa, picha zake ziko wapi? Ngapi ziko mtandaoni ukitafuta? Na nyingi kati ya hizo chache, kapiga mzungu aliyekuwa anapita.

Huku wana kitu kinachonipa wivu kweli. Lori lolote lenye namba za Uholanzi unaingiza ile namba kwenye tovuti ya RDW, ndo wanaosajili magari, bure, huulizwi wewe nani, inakuletea aina yake, uzito wake, lilisajiliwa lini mara ya kwanza. Na kama limeuzwa nje ya nchi inakwambia limeuzwa nje. Basi. Kuna mzee mmoja huwa tunakutana naye barabarani, ana picha za malori toka ujana wake, kila moja kaandika tarehe na mahali nyuma. Akanionyesha DAF moja aliyoipiga ikiwa mpya, akaipiga tena imechoka, halafu rekodi ikasema imetoka nchini. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, zikifika kwenu zinaendaje? Kwake hadithi ya lori inaishia kwenye meli. Nikamweleza kwamba inabadilishwa springi, inaongezwa tangi la mafuta, inaandikwa jina la mama wa tajiri, inaanza kazi ngumu kuliko yote iliyowahi kufanya. Macho yakamtoka. Akasema anaomba kuona picha.

Nikakosa cha kumwonyesha. Nusu nzima ya maisha ya lori lile, ile nusu nzito, haina picha hata moja, na aliyeizuia sio umaskini maana kila kijana Kurasini ana simu yenye kamera nzuri kuliko ile aliyoanzia yule mzee.

Nikija likizo nitasimama Chalinze, pale ambapo ya Tunduma na ya Arusha yanagawana njia, halafu Ruaha Mbuyuni asubuhi kabla hayajaanza kupanda Kitonga, mbali na uzio wa mtu yeyote, na nitapiga ubavu mzima, mlango na maandishi yake, ekseli na namba. Mwenye kutaka kuja aje. Na wewe ambaye baba au babu aliendesha zile Fiat, au Scania yenye pua, na mnayo ile picha ukutani kasimama mguu mmoja juu ya bampa, itoe kwenye fremu uipige kwa simu kabla haijaliwa na unyevu, umuulize mwaka, umuulize ilikuwa wapi na amebeba nini, uandike. Wengine hao wazee wanaondoka.