Waliotufundisha Kuona Haya Sasa Wanatoka

Tangu tarehe 27 Desemba 2025, Estonia, Latvia na Lithuania hazimo tena katika Mkataba wa Ottawa, ule wa kimataifa unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini ya kulipua watu. Finland imetoka tarehe 10 Januari 2026, Poland tarehe 20 Februari. Nchi tano zenye mabunge, mahakama na hospitali zinazofanya kazi zimekaa, zikajadili, zikapiga kura, zikaamua kwamba bomu la kutegwa ardhini la kumlipua mtu ni silaha ya kawaida tena. Habari hizo nimezisoma nikiwa hapa Goma, na hasira haijanitoka.

Najua jibu lao. Jirani yao ameivamia Ukraine, na mpaka wa Finland na Urusi una urefu wa zaidi ya kilomita 1,300. Hofu yao ni ya kweli. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa maana ya kulala karibu na mpaka huku silaha nzito zikisikika, hasa baada ya mji huu kutekwa na waasi Januari 2025. Hilo nawakubalia. Zaidi ya hapo siwakubalii kitu.

Mkataba huu hauna jeshi wala polisi. Hakuna anayekuja kumkamata jenerali aliyetega mabomu shambani. Kilichoufanya ufanye kazi tangu uanze kutumika tarehe 1 Machi 1999 ni haya, yaani aibu. Watu walifika mahali pa kuona haya kusema hadharani kwamba wanatumia silaha hiyo. Nchi wanachama ziliteketeza mabomu zaidi ya milioni 55 yaliyokuwa maghalani, bila kulazimishwa kwa bunduki. Marekani haikujiunga kamwe, lakini baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991 majeshi yake karibu hayakuyatumia tena, na kuyauza nje iliacha mwaka 1992. Hata aliyekataa kutia saini alijua anatazamwa. Ni Novemba 2024 ndipo Washington ilipokubali kuipa Ukraine mabomu hayo, na mwaka uliofuata hao watano wakaanza kupanga foleni mlangoni.

Sasa fikirieni huku kwetu. Vikundi vyenye silaha Kivu ni vingi mno, na hakuna kikundi kinachoweza kutia saini mkataba wa nchi. Kwa ajili hiyo shirika la Geneva Call, lililoanzishwa mwaka 2000, limekuwa likizungumza na makamanda duniani ili watie saini hati ya ahadi: hatutatega, hatutahifadhi, tutasaidia kusafisha. Mtu anatoka mbali kwenda kukaa msituni na watu wenye bunduki, na mkononi hana kitu isipokuwa maneno. Neno lake zito kuliko yote lilikuwa hili: dunia nzima imeikataa silaha hii, msiwe ninyi wa mwisho. Leo kamanda akimjibu kwamba Poland imerudi kuiruhusu, na Poland ina ndege za kivita, ina Umoja wa Ulaya na NATO nyuma yake, atajibiwa nini? Ikiwa tajiri mwenye silaha zote amesema hawezi kujilinda bila bomu la ardhini, yule mwenye bunduki kuukuu za kushirikiana ataambiwa kwa uso gani kwamba yeye anaweza?

Hili ndilo linaloniuma. Ulaya itaweka mabomu yake kwenye ramani, na siku moja italipa wa kuyatoa. Haya iliyovunjwa haitabaki Ulaya. Itafika huku, kwenye njia za kwenda shamba ambazo hakuna anayezichora ramani.

Mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa, karibu na kwetu ana mtoto wa kaka yake aliyeokota chuma upande wa Masisi. Watoto huokota vyuma kwa sababu vinanunuliwa kwa kilo, na kilo kadhaa ni unga wa siku moja. Kile chuma kilikuwa guruneti. Mtoto amebaki na vidole viwili mkono wa kulia, jicho moja halioni. Mama huyo aliniuliza, “Papa, ile kitu ni nani aliiacha pale? Akuje basi atunze mutoto.” Sikuwa na jina la kumpa. Guruneti si bomu la kutegwa, wanasheria watanikumbusha, na ni kweli kwamba hapa kwetu mabaki ya vita yasiyolipuka ni mengi kuliko mabomu ya kutegwa. Lakini mtoto aliyekatika vidole hana mkataba wa kuchagua, na timu zinazosafisha ni zilezile, kwa fedha zilezile.

Wamekwenda kuivunja sheria hii mahali ilipojengwa imara zaidi. Kifungu cha 20 kinasema nchi iliyo vitani ikitaka kutoka, kutoka kwake hakuanzi kufanya kazi mpaka vita viishe. Walioandika walijua kwamba kila mtu huahidi mema wakati wa amani. Ndiyo maana Ukraine, iliyotangaza mwaka 2025 kwamba inausimamisha mkataba, haina mlango wa kupitia. Na Kongo, iliyojiunga mwaka 2002, hata ingetaka isingeweza kuponyoka leo. Sisi tulio vitani tumefungwa na neno letu, nao walio katika amani wametoka kwa sababu ya vita vinavyoweza kuja. Mwaka 2023 pekee mabomu haya na mabaki ya vita yaliua au kujeruhi watu 5,757, na kati ya waliojulikana kama ni raia au askari, 84 katika kila 100 walikuwa raia. Hao ndio wanaolipa.

Wala msiniambie huu ni mkataba wa Wazungu, wafanye wanavyotaka. Mei 1997, kabla mkataba haujaandikwa Oslo na kutiwa saini Ottawa, nchi za Afrika zilikutana Kempton Park, Afrika Kusini, kutafuta Afrika isiyo na mabomu ya ardhini. Mkutano wa kwanza wa nchi wanachama ulifanyika Maputo, 1999. Mapitio makubwa ya kwanza yalifanyika Nairobi, 2004. Msumbiji ilitangaza mwaka 2015 kwamba imesafisha maeneo yake yote yaliyojulikana.

Serikali yetu nayo isijifiche nyuma ya makosa ya Finland. Tulitakiwa kumaliza kusafisha mabomu ya kutegwa mwaka 2012. Tarehe imesogezwa tena na tena, ilhali eneo lililobaki kwenye hesabu rasmi ni chini ya kilomita moja ya mraba. Na mguu wa bandia wa mtoto hubadilishwa kila anapokua, jambo ambalo wafadhili husahau mara tu baada ya kupiga picha ya mguu wa kwanza.

Kifungu cha 6 kinazitaka nchi zenye uwezo zisaidie kusafisha na kuhudumia waathirika. Hao watano hawafungwi nacho tena, lakini uwezo wanao bado. Waendelee kulipa. Kinshasa nayo imtume mwakilishi kwenye mkutano ujao wa nchi wanachama akiwa na orodha ya maeneo yaliyobaki, tarehe ya kuyamaliza, na kiasi cha fedha ambacho Kongo yenyewe itatoa kwanza.