Lala Matamba, kimbia Usangu

“Kama milima inatengeneza wakimbiaji, mbona Makete haijawa Iten, ule mji wa wakimbiaji wa Kenya?” Swali hili husikika Mbeya kila mbio zinapokaribia, na wanaouliza hawakosi ushahidi. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya jaribio la waendesha baiskeli 16. Kwa wiki nne, wengine walivuta hewa yenye oksijeni pungufu kama ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, wengine ya kawaida, bila kujua nani yuko wapi. Hewa pungufu haikuwaongezea chochote. Tena Mbeya mjini ni kama mita 1,700 tu, na makocha hutafuta 2,000 hadi 2,500.

Lakini wengi wanaoukataa mwinuko wanachokikataa hasa ni kufanyia mazoezi hukohuko juu. Hapo niko nao: pumzi hukata mapema, miguu ikazoea mwendo wa pole. Watafiti Levine na Stray-Gundersen wa Marekani walitenganisha kuishi juu na kukimbia juu mwaka 1997 kwa wakimbiaji 39. Walioishi na kufanya mazoezi juu, mita 2,500, waliongeza chembe nyekundu za damu, muda wao ukabaki palepale. Walioishi juu wakashuka kwenye 1,250 kufanya mazoezi walipunguza sekunde kama 13 katika mita 5,000.

Sekunde 13! Ni sekunde moja kila mzunguko wa uwanja; kwenye utepe, ni pengo la zaidi ya mita 60. Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa sekunde 0.03. Kweli, wakimbiaji wale wa 1997 walijua wako wapi, na imani nayo hukimbiza mtu, kwa hiyo siapi. Ila pengo la namna hiyo silipuuzi.

Sasa itazame barabara ya Chimala kwenda Matamba, huko Makete. Chini ni Usangu, mita 1,000 na kitu; unapanda kona 57 na tayari umevuka 2,000, nyanda za juu za Kitulo zikikungoja kwenye 2,600. Kulala juu na kukimbia chini, hapa ni safari ya asubuhi moja.

Tatizo langu ni sahani. Damu haijengwi bila madini ya chuma, na chai yetu, tunayoinywa pamoja na maharage, huyazuia yasifyonzwe mwilini. Kambi ya Matamba ianze na kipimo cha damu, kisha chai isubiri saa moja baada ya chakula.