Stesheni ya Syokimau ilijengewa nani?

Wakamba husimulia kwamba Syokimau, mwanamke mtabiri aliyeishi kabla ya wakoloni kufika, aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji huku akitema moto na moshi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na walioisikia simulizi hiyo wakamtambua nyoka. Kwa zaidi ya miaka mia moja treni zilipita kwenye mbuga inayobeba jina la mama huyo, kusini-mashariki mwa Nairobi, na hapakuwa na stesheni. Ilikuja Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alipoizindua kama mmoja wa miradi mikuu ya Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa Kenya.

Tangu siku hiyo watu hawajaafikiana. Wapo wanaoiona kuwa mwanzo mpya wa usafiri wa reli jijini, na wapo wanaosema ni jengo zuri lililokosa treni. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa miaka, na naona zinabishana juu ya jengo ilhali swali lenyewe ni abiria: ni nani aliyekuwa akilini mwa waliochora ramani?

Tuanze na wanaoitetea, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko wakosoaji wanavyokubali. Kabla ya Syokimau, treni ya abiria wa kila siku Nairobi ilimaanisha mabehewa yaliyochakaa na vijana wanaoning'inia milangoni. Hapa mtu alipata ukumbi safi, lango la tiketi, walinzi, na uwanja mpana wa kuegesha gari. Na Barabara ya Mombasa tunaijua. Anayetoka Mlolongo au Katani akichelewa kidogo alfajiri hujikuta amekwama, injini inaunguruma, saa ya kuripoti kazini inapita. Treni haijui foleni ya magari. Kwa mfanyakazi ambaye ofisi yake iko karibu na stesheni kuu ya Nairobi, safari hiyo ilimrudishia usingizi wa asubuhi na chakula cha jioni pamoja na watoto. Si jambo dogo.

Wakosoaji nao wanauliza kuhusu huo uwanja wa magari. Mpango ulikuwa mtu aendeshe gari hadi stesheni, aliache, apande treni. Yaani abiria aliyefikiriwa kwanza ni mwenye gari. Syokimau ya wakati ule ilikuwa ikijaa watu waliokopa ili wanunue ploti na kujenga (baadhi yao walishuhudia tingatinga zikibomoa nyumba Novemba 2011, katika mzozo wa ardhi na mamlaka ya viwanja vya ndege), kwa hiyo wenye magari walikuwepo kweli. Lakini mwenye gari ndiye abiria mgumu kuliko wote kumshika. Akikosa treni mara mbili, anarudi kwenye usukani wake.

Na kuikosa ni rahisi. Treni za watu wa kazini zilipangwa kuingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Mama anayetaka kwenda hospitali saa saba mchana, au mhudumu wa hoteli anayefunga kazi usiku, ratiba hiyo haikumhusu. Kisha ukishuka mjini, kama unafanya kazi Upper Hill au Westlands, unalipa matatu tena. Nauli mbili kwa safari moja, asubuhi na jioni, mpaka mwisho wa mwezi.

Sababu ya uhaba wa treni haiko Syokimau kwenyewe. Stesheni ilikuwa mpya, ila reli ilikuwa ile ile ya kikoloni, njia moja ambayo treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa pale penye njia ya kando, na mizigo ilipita humo humo. Wakati wa uzinduzi treni zilikuwa mikononi mwa Rift Valley Railways, kampuni iliyopewa mkataba wa miaka 25 mwaka 2006 na ambayo mkataba wake ulikatizwa 2017. Kampuni ya aina hiyo huishi kwa mizigo. Abiria wa mjini ana nauli ndogo na anataka treni nyingi saa zile zile, hivyo asipokuwa na serikali inayomlipia pengo, atasubiri.

Mei 2017 ikaja SGR, reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikajengwa hapo hapo Syokimau. Wengine wanasema ndiyo iliyoiokoa stesheni, wengine wanasema iliiteka. Zote mbili ni kweli kwa maoni yangu. Kwa kuwa reli mpya haiingii katikati ya jiji, msafiri wa Mombasa alihitaji treni ya kumuunganisha, na Syokimau ikapata kazi ya uhakika. Ila ratiba ikaanza kufuata saa za Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, wala si saa za anayefungua duka katika soko la Gikomba. Mwaka 2020 yakaletwa mabehewa yenye injini zake, yaliyokuwa yakitumika kisiwani Mallorca, Uhispania, ambako reli ina upana wa mita moja kama yetu ya zamani. Abiria wakapata viti bora. Njia ikabaki ile ile moja.

Kosa ambalo sioni likijadiliwa vya kutosha ni la 2022. Mwezi wa Mei mwaka huo Nairobi Expressway, barabara ya kulipia, ilifunguliwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikiwa na mahali pa kuingilia karibu na Syokimau. Mtu anayeweza kulipa ushuru wake ni yule yule mwenye gari aliyejengewa uwanja wa kuegesha miaka kumi kabla. Serikali ilimjengea mtu mmoja njia mbili zinazoshindana, na aliyeshindwa ni reli.

Sasa tazama katikati ya safari. Kati ya Syokimau na mjini kuna stesheni ya Imara Daima, jirani na mtaa wa mabanda wa Mukuru, kisha Makadara. Kila alfajiri maelfu ya wafanyakazi wa viwandani hutoka Mukuru kwa miguu kwenda Industrial Area, wengine wakifuata reli yenyewe, buti mkononi siku za tope. Hawana gari la kuegesha. Wangejaza treni kila baada ya robo saa kama ingekuwepo, kwa nauli ndogo kuliko ya matatu, na wangeipanda mwaka mzima. Kabla ya stesheni nyingine kuzinduliwa, hao ndio ningependa wapangiwe ratiba, na ijengwe njia ya pili ya reli hadi Syokimau ili ratiba hiyo iwezekane.