Waliopiga honi Tunis hawakuwa wajinga

Usiku wa 25 Julai 2021 Rais Kais Saied wa Tunisia alitokea kwenye televisheni, akamfuta kazi waziri mkuu Hichem Mechichi, akasimamisha Bunge na kuwavua wabunge kinga yao. Kulikuwa na marufuku ya kutoka nje usiku kwa ajili ya korona, lakini watu wa Tunis walitoka hivyohivyo: honi za magari, vigelegele, fataki, wimbo wa taifa. Kabla hakujapambazuka Spika Rached Ghannouchi alifika kwenye lango la Bunge pale Bardo akakuta wanajeshi, wakamzuia asiingie.

Shangwe ile imesomwa kwa namna mbili, na zote mbili zinawaonea walioshangilia. Wapo wanaosema Mwarabu hutawalika kwa mkono mzito tu, na kwao Tunisia ni ushahidi wa mwisho: hata nchi pekee iliyofaulu baada ya vuguvugu la nchi za Kiarabu la 2011 imeutupa uhuru wake kwa hiari. Halafu wapo wanademokrasia, wa Ulaya na wa Tunis kwenyewe, wanaoona kwamba umma ulirubuniwa, ukashangilia mnyororo ukidhani ni mkufu. Wa kwanza wanawafanya Watunisia watu wasiotaka haki, wa pili wanawafanya watu wasio na akili.

Hoja ya mkono mzito si ya kubezwa. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai huitoa mara kwa mara, na wana sababu. Syria iliteketea kwa zaidi ya miaka kumi, Libya ikagawanyika, Yemen ikaingia vitani, na Misri ikamchagua Mohamed Morsi mwaka 2012 kisha ikaona jeshi likimng'oa mwaka uliofuata na mamia kuuawa katika uwanja wa Rabaa. Oman nayo ilikuwa na maandamano yake pale Sohar mwaka 2011. Sultan Qaboos akabadilisha mawaziri, akaahidi ajira 50,000, akaliongezea madaraka Baraza la Shura, na nchi ikatulia. Mtu aliyeona hayo yote akasema utulivu kwanza, kura baadaye, hajakosa akili.

Lakini Tunisia haiingii vizuri kwenye hoja hiyo, kwa kuwa haikuwa na vita ya kuogopa. Ilikuwa na mauaji ya kisiasa, ya wanasiasa wa upinzani Chokri Belaid na Mohamed Brahmi mwaka 2013, na mwaka 2015 magaidi wakaua watu kwenye jumba la makumbusho la Bardo na ufukweni Sousse, utalii ukaanguka. Hata hivyo vyama vilikaa mezani, vikaandika katiba ya Januari 2014 iliyopitishwa kwa kura 200, na madaraka yakabadilishana mikono kwa kura. Makundi manne ya kiraia yaliyosimamia mazungumzo, likiwemo shirikisho la wafanyakazi UGTT, yalipata Nobeli ya Amani mwaka 2015. Swali la Tunisia, basi, halikuwa uhuru au utulivu. Lilikuwa gumu zaidi: uhuru huu umetuletea nini?

Waandamanaji wa mwanzo walidai kazi, uhuru na heshima, kwa mpangilio huo. Uhuru ulikuja. Mtu aliweza kumtukana rais kwenye redio akalala kwake. Kazi haikuja. Serikali zilipishana karibu moja kila mwaka, na kila mpya ilirithi mzigo uleule wa deni. Mikoa ya bara ambako moto uliwaka, Sidi Bouzid, Kasserine, Gafsa, ilibaki vilevile. Huko Gafsa fosfeti, iliyozidi tani milioni 8 mwaka 2010, ilishuka hadi nusu au chini ya nusu kwa miaka mingi, vijana wasio na ajira wakikaa juu ya reli kuzuia treni kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kusikiwa na Tunis.

Na heshima? Septemba 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasamehe maofisa wa utawala wa Ben Ali, rais aliyeng'olewa mwaka 2011, waliotuhumiwa ufisadi, wakati tume ya ukweli iliyopokea malalamiko zaidi ya 62,000 ilikuwa bado kazini. Vijana waliandamana chini ya jina la Manich Msamah, yaani sisamehi. Sheria ilipita hata hivyo, kwa sababu chama cha Nidaa Tounes, kilichowakusanya wengi wa utawala wa zamani, kilikuwa kimefunga muafaka na Ennahda, chama cha Kiislamu cha Ghannouchi, ambacho wanachama wake waliteswa na utawala huohuo. Wageni waliusifu muafaka huo kama ukomavu. Kwa kijana wa Kasserine ulikuwa wakubwa wawili wanaogawana nyumba.

Ongezeni mwaka 2021 wenyewe. Mwezi Juni mbunge Abir Moussi alipigwa ndani ya ukumbi wa Bunge, kamera zikirusha moja kwa moja. Julai hospitali zilifurika, oksijeni ikaadimika, na vifo vya korona kwa idadi ya watu vilikuwa miongoni mwa vibaya zaidi barani Afrika. Tarehe 25, sikukuu ya jamhuri, watu waliandamana mchana kudai Bunge livunjwe. Usiku rais akawajibu. Ungekuwa wewe, usingepiga honi?

Walichoshangilia, kwa jinsi ninavyowasoma, ni kuondolewa kwa watu mahususi. Hawakushangilia kuondolewa kwa haki ya kuondoa watu. Utafiti wa maoni wa Arab Barometer wa miaka ile ulionyesha jambo linaloelekea huko: walioamini kwamba uchumi hudorora chini ya demokrasia waliongezeka sana Tunisia, na papo hapo wengi waliendelea kusema kwamba, pamoja na kasoro zake, ndiyo mfumo bora. Hakuna mgongano hapo. Mtu anaweza kuchoshwa na fundi bila kuacha kutaka nyumba.

Na fundi alikuwa ameacha pengo moja baya kuliko yote. Ibara ya 80 ya katiba ya 2014 ilimruhusu rais kuchukua hatua za dharura, ila kwa masharti: awasiliane na waziri mkuu na spika, Bunge libaki kwenye kikao muda wote, na baada ya siku 30 spika au wabunge 30 waweze kwenda Mahakama ya Katiba iamue kama dharura bado ipo. Saied alilifunga Bunge ambalo ibara ileile ilitaka libaki wazi. Nani angemwambia? Mahakama ya Katiba. Na Mahakama ya Katiba haikuwepo.

Ilipaswa kuundwa ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa 2014. Bunge lilitakiwa kuchagua majaji wanne kwa kura 145 kati ya 217, na kwa miaka sita lilifanikiwa kumpata mmoja tu, mwaka 2018. Kila kambi ilitaka wa kwake: hawa waliogopa mahakama ya wanadini, wale waliogopa mahakama ya wanaodhihaki dini. Waliweza kuafikiana kusamehe ufisadi, hawakuweza kuafikiana jaji. Machi 2021 hatimaye waliteremsha kiwango kuwa kura 131, na Aprili Saied akakataa kutia saini, akisema muda uliowekwa na katiba umekwishapita. Alikuwa mwalimu wa sheria za katiba maisha yake yote ya kazi. Alijua vizuri anachokataa. Miezi mitatu baadaye alitumia ibara ya 80.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba demokrasia ilijaribiwa Tunisia ikashindwa, nauliza ipi. Kura ilijaribiwa. Magazeti huru yalijaribiwa. Kizuizi cha mwisho dhidi ya rais anayejipa madaraka hakikujaribiwa hata siku moja.

Sasa ile takwimu ambayo kila upande huikimbilia: asilimia 11. Tarehe 17 Desemba 2022 Saied aliita uchaguzi wa Bunge lake jipya, lenye meno machache, wagombea wakisimama mmoja mmoja bila orodha za vyama. Tume ilitangaza kwanza kwamba waliojitokeza ni asilimia 8.8, kisha ikarekebisha kuwa 11.2. Duru ya pili, Januari, 11.4. Mabaraza ya mitaa mwaka uliofuata, chini ya 12. Rais alieleza kwamba asilimia 90 hawakupiga kura kwa sababu Bunge halina maana kwao. Wapinzani, waliokuwa wamesusia, walisema hiyo ndiyo kura ya kumkataa.

Wote wanaitumia vibaya. Asilimia hiyo hailingani moja kwa moja na za zamani, kwani daftari la wapiga kura lilipanda kutoka milioni 7 hivi mwaka 2019 hadi karibu milioni 9, watu wakiandikishwa bila kuomba. Hesabuni vichwa badala ya asilimia: uchaguzi wa 2011 ulivuta zaidi ya watu milioni 4, wa Bunge wa 2014 kama milioni 3.5, wa 2019 chini kidogo ya milioni 3, wa 2022 takriban milioni moja. Wanademokrasia wauangalie mteremko huo kwa unyenyekevu, maana zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameshaondoka foleni kabla Saied hajagusa chochote. Lakini na Saied aangalie: waliobaki, yeye aliwapoteza wawili kati ya kila watatu kwa mkupuo mmoja. Kama umma ulikuwa umechoshwa na Bunge la vyama tu, Bunge lisilo la vyama lilipaswa kuurudisha.

Idadi yake mwenyewe inasema hivyohivyo. Mwaka 2019 alishinda kwa asilimia 72.7, zaidi ya kura milioni 2.7, nyingi za vijana, bila chama na karibu bila fedha. Oktoba 2024 alishinda kwa asilimia 90.7, na kura zilikuwa kama milioni 2.4. Asilimia imepanda, watu wamepungua. Na ili kuipata hiyo 90 ilibidi mpinzani mmoja, Ayachi Zammel, awe gerezani siku ya kura, tume ikatae amri ya Mahakama ya Utawala ya kuwarejesha wagombea watatu, na Bunge liivue mahakama hiyo mamlaka juu ya uchaguzi siku chache kabla ya upigaji kura.

Yaliyobaki yanajulikana. Ghannouchi yuko jela tangu Aprili 2023. Abir Moussi, adui yake mkubwa kuliko wote, alikamatwa Oktoba mwaka huohuo. Amri namba 54 ya 2022 inamfunga mtu miaka mitano kwa habari za uongo mtandaoni, kumi kama zinamhusu mtumishi wa umma. Mkate nao haukuja: Agosti 2023 watu walipanga foleni kwenye maduka ya mikate alfajiri. Februari 2023 rais alikuwa amesema wahamiaji Waafrika weusi ni sehemu ya njama ya kubadilisha sura ya nchi, wapangaji wakatupwa nje na vyombo vyao, Guinea na Côte d'Ivoire zikatuma ndege kuwachukua watu wao. Anayetusifia mkono mzito kwa kutupa utulivu atueleze utulivu huo ulikuwa wa nani.

Kuna jambo moja halizungumzwi vya kutosha. Katiba ambayo Saied aliiandika na kuipitisha kwa kura ya maoni ya Julai 2022 nayo ina Mahakama ya Katiba, ya majaji tisa wanaoingia kwa ukubwa wa cheo, bila haja ya kura 145 za mtu yeyote. Hadi mwaka 2025 ilikuwa haijaundwa. Na katiba hiyo inasema kwamba kiti cha urais kikiwa wazi, anayeshika nafasi kwa muda ni rais wa mahakama hiyo. Rais aliyemtangulia, Beji Caid Essebsi, alipofariki akiwa madarakani tarehe 25 Julai 2019, Spika Mohamed Ennaceur aliapishwa siku hiyohiyo, na uchaguzi ukawahishwa hadi Septemba. Ndio uliomleta Saied. Yeye alizaliwa mwaka 1958, na muhula wake unafika 2029.