Nasi lemak nzuri hujulikana kwa wali, si kwa kuku

Mtu akifika Singapore au Kuala Lumpur akauliza wapi atapata nasi lemak, ataelekezwa kwenye foleni ndefu kuliko zote. Mara nyingi foleni hiyo ni ya kuku. Nasi lemak ni wali wa nazi, na jina lenyewe linasema: nasi ni wali, lemak ni ule unono unaoletwa na tui. Vingine vyote vilivyomo sahanini, yaani sambal (rojo ya pilipili), dagaa wa kukaanga, karanga, vipande vya tango na yai, vimekuja kuusindikiza wali. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kibanda ambacho sahani yake ya kawaida, isiyo na kuku, hailiki kwa raha, hakistahili foleni wala pesa ya ziada, hata kama kuku wake ana utamu wa namna gani.

Mswahili aliyekulia kwenye wali wa nazi anaingia kwenye jambo hili akiwa na ulimi uliokwisha fundishwa. Anaijua kasimele, yaani tui zito la kwanza, na analijua tui jepesi. Anajua wali uliokosewa unavyokuwa bokoboko, na anajua nazi ikikaa harufu yake inavyogeuka. Kinachomwia kigeni ni vitu viwili. Cha kwanza ni jani la pandani, ambalo hufungwa fundo na kutiwa chunguni pamoja na kipande cha tangawizi. Mti wake ni wa ukoo mmoja na mkadi wa pwani yetu, ila huu unatakiwa kwa majani, si kwa maua. Cha pili ni upishi wenyewe.

Wapishi wengi wa Kimalay hawautokosi mchele ndani ya tui zito tangu mwanzo. Huuosha mpaka maji yatoke safi, huuloweka nusu saa au zaidi, kisha huupika kwa mvuke mpaka ukaribie kuiva. Hapo ndipo huumiminia kasimele yenye chumvi, huugeuza taratibu usivunjike, na kuurudisha kwenye mvuke. Iko sababu. Mafuta ya nazi yakiuwahi mchele mbichi huufunika, maji yakapenya kwa shida, ukapata wali ulioiva nje na wenye kiini ndani. Na kasimele ikichemka kwa nguvu hukatika: mafuta yanajitenga, wali wa chini unashika, wa juu unabaki mkavu usio na ladha. Sahani iliyopakuliwa katikati ya chungu hicho itakuwa nzuri, na ya mwenzako aliye nyuma yako itakuwa mbaya. Ndiyo maana watu wawili husifu na kulaani kibanda kimoja siku hiyo hiyo, na wote wanasema kweli.

Asiye na chombo cha mvuke anaweza kuufikia wali huo kwa njia ya karibu. Vikombe 2 vya mchele wa jasmini ulioloweka na kuchujwa, kikombe 1 na robo tatu cha tui jepesi, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, mafundo mawili ya pandani, vipande vitatu vya tangawizi. Tui likishakauka, mimina nusu kikombe cha kasimele juu, funika, punguza moto kabisa kwa dakika 10 hadi 12, kisha epua uache umefunikwa dakika 10 nyingine kabla ya kuugusa na mwiko. Hizo dakika 10 za mwisho ndizo watu huzikosa subira, na ndizo zinazoufanya wali uachane punje kwa punje.

Sasa, mbele ya kibanda. Mwuzaji akifunua chungu, tazama kabla hujaagiza. Wali mzuri unang'aa kidogo na punje zake zinaachana mwiko unapoingia. Ukikatika mabonge kama ugali, maji yalizidi. Baadhi ya vibanda huutia rangi ya kijani ili uonekane umepikwa na pandani, lakini rangi hainukii. Harufu ya pandani iko karibu na ya mchele mpya, tamu kwa mbali, na inatakiwa ije pamoja na ya nazi bila kuizidi. Tui la boksi haliharibu wali, lakini linaupa harufu bapa, ya namna moja kila siku. Tui bichi lina uhai zaidi, ila kwenye joto la huko linachacha kwa saa chache, na ukisikia uchachu wowote kwenye wali wa alasiri, sahani hiyo iache hapo hapo.

Ukishakaa, kula vijiko vitatu vya wali mtupu kabla ya kugusa sambal. Chumvi iwepo. Nazi isikike mwanzo na mwisho wa kutafuna. Midomo ipate unyevu wa mafuta, lakini jani la mgomba lililo chini lisiwe na kidimbwi. Ukifika kijiko cha tatu ukaona unatamani cha nne, umepata kibanda chako.

Sambal ndiyo kazi kubwa zaidi ya mpishi, na ndiyo inayoonyesha kama ana haraka. Pilipili kavu huchemshwa au kulowekwa, mbegu nyingi hutolewa, husagwa pamoja na vitunguu vidogo, vitunguu saumu na belacan, yaani uduvi uliotiwa chumvi, ukasagwa na kuvundikwa. Mchanganyiko huo hukaangwa kwa mafuta mengi na moto wa wastani mpaka wafikie kile Wamalay wanachokiita pecah minyak: mafuta yanajitenga na kuelea juu, mekundu na safi, na rangi ya rojo inatoka kwenye wekundu mkali na kuingia kwenye wekundu wa tofali lililochomwa. Inachukua nusu saa au zaidi ya kukoroga bila kuondoka. Baada ya hapo ndipo ukwaju na sukari ya mnazi au sukari guru huingia. Aliyekatisha njia anajulikana mara moja. Sambal yake ni nyekundu ya kuvutia, maji yamejikusanya pembeni yake sahanini, ladha ya vitunguu ni mbichi, na uchungu wa pilipili unabaki kooni. Hiyo ndiyo inayowasumbua watu tumbo, halafu lawama inatwishwa nazi. Singapore hupenda sambal tamu zaidi, na vibanda vingine huisogeza karibu na jamu. Mimi nataka ukali na uchachu wa ukwaju vitangulie, kwa sababu kazi yake ni kuukata unono wa wali. Utamu juu ya tui unachosha kabla sahani haijafika nusu.

Dagaa wao, ikan bilis, ni jamaa wa dagaa mchele wa Zanzibar, na huyu wetu anafaa kabisa ukipika nyumbani. Suuza haraka, kausha vizuri, kaanga kwa mafuta ya moto wa kati, na waepue wakiwa wa dhahabu hafifu, maana wanaendelea kuiva hata nje ya karai. Kosa la kibandani ni kuwafunika wangali na joto: mvuke unarudi, wanalegea, na dagaa aliyelegea hana faida yoyote hapa. Karanga vivyo hivyo. Kibanda kinachochanganya dagaa na karanga ndani ya sambal tangu asubuhi kimejirahisishia kazi na kumnyima mlaji ule mkwaruzo anaoulipia.

Kuhusu mahali. Singapore, mimi humwanzishia mgeni Changi Village, mwisho wa basi namba 2, ambalo unaweza kulipandia kituo cha treni cha Tanah Merah. Faida ya hapo ni kwamba vibanda kadhaa vya nasi lemak viko ndani ya kituo kimoja cha wachuuzi, yaani ukumbi wa vibanda vya chakula, hivyo watu watatu wanaweza kununua sahani tatu za kawaida kutoka vibanda vitatu, wakazilinganisha kwenye meza moja. Hakuna shule nzuri kuliko hiyo. Adam Road, karibu na kituo cha treni cha Botanic Gardens, Selera Rasa hupika kwa mchele wa basmati: punje ndefu, nyepesi, na nazi inasikika kwa upole. Aliyezoea pilau ataupenda upesi. Anayetaka nazi nzito ataona umepungukiwa, na nadhani ana haki. Boon Lay Place, upande wa magharibi, ni pa walaji wa usiku, na Geylang Serai, karibu na Paya Lebar, ni pa kula asubuhi katikati ya soko la Wamalay wenyewe. Kuala Lumpur, nenda Kampung Baru, ambako chungu hufunuliwa na vitoweo vimepangwa mbele yako. Village Park, kule Damansara Uptown, Petaling Jaya, ni mgahawa, si kibanda, na ndiyo ile foleni ya kuku niliyoianzia. Kuku wake wa viungo ni mzuri kweli. Lakini ukitaka kuijua nasi lemak kama Wamalesia wanavyoila siku ya kazi, simama kwenye meza ya kando ya barabara saa 1 asubuhi.

Bei huhama, lakini kwa wastani sahani ya kawaida kwenye vituo vya wachuuzi vya Singapore huwa kati ya dola 3 na 5 za huko, na ukiongeza bawa la kuku au otah, ambayo ni samaki aliyesagwa na viungo akachomwa ndani ya jani, unasogea kati ya 5 na 8. Malaysia, kifurushi kidogo cha kando ya barabara ni ringgit 2 hadi 4, na sahani ya kuku katika mgahawa hupita 10. Bei ya haki haina maana ya bei ndogo kuliko zote. Nazi ilipanda bei sana katika nchi hizo miaka ya 2024 na 2025, na mpishi asiyepandisha bei hana budi kupunguza kitu, na cha kwanza kupungua ni tui, kwa sababu hakuna anayeliona. Napendelea kulipa senti 50 zaidi kwa wali ulioshiba nazi kuliko kusifu kibanda kwa kubaki na bei ya zamani. Vilevile sioni ubaya wowote kutozwa kijiko cha pili cha sambal, kwa saa zilizoingia humo.

Pesa hupotea kwenye kuonyesha kidole. Vibanda vingi hupanga vitoweo nyuma ya kioo, kila ulichoonyesha kina bei yake, na bei hazikuandikwa zote. Uliza kwanza: “Berapa?”, yaani bei gani? Ukitaka samaki, agiza ikan kuning, samaki mdogo wa mstari wa manjano anayekaangwa mpaka miiba inaliwa. Kwa kawaida ni nafuu kuliko kuku, na chumvi yake inapatana na nazi vizuri zaidi. Mwanamke mtu mzima kibandani mwite makcik, mwanamume pakcik, wenye umri mdogo zaidi kak kwa mwanamke au bang kwa mwanamume, na utahudumiwa kama mtu wa nyumbani. “Makan sini” ni kula hapo hapo, “bungkus” ni kufungiwa, “sambal asing” ni sambal pembeni, na hiyo ya mwisho isemwe kila unapofungiwa, la sivyo dagaa watafika wamelowa.

Kwa Waislamu, wali wenyewe haukupi shaka, vitoweo ndivyo vya kuangalia. Wachina wa Singapore nao wanapika nasi lemak, nyingine nzuri sana, lakini nyama ya kopo iliyopo kwenye kioo inaweza kuwa ya nguruwe. Tafuta cheti cha halali: cha Muis, baraza la Kiislamu la Singapore, au cha JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu Malaysia. Na ukimaliza kula, vituo vya wachuuzi vya Singapore vina rafu mbili za kurudishia sinia, moja ya halali na nyingine isiyo ya halali. Sinia usipolirudisha unaweza kutozwa faini.

Saa nzuri ni chungu kinapobadilishwa: kati ya saa 1 na 2 asubuhi, na tena kabla tu ya umati wa mchana, kama saa 5 na nusu. Saa 9 alasiri ni mbaya kila mahali. Vituo vya wachuuzi vya Singapore pia hufungwa kwa zamu siku za usafi mkubwa, hivyo angalia tarehe kabla ya kuvuka mji mzima.

Kifurushi cha Malaysia nacho kina namna yake ya kuchaguliwa. Kimefungwa umbo la piramidi, karatasi ya kahawia nje, jani la mgomba ndani. Kiguse chini: kiwe na joto. Tazama karatasi: doa dogo la mafuta mekundu upande mmoja ni sambal, na ni dalili njema, lakini karatasi iliyolowa pande zote ina maana kimekaa muda mrefu. Bonyeza kidogo, wali urudi chini ya kidole. Kikifunguliwa, jani lililopitishwa motoni limelainika na kuwa kijani cha giza, harufu yake imeingia kwenye tabaka la juu la wali, na robo ya yai imejichapa alama kwenye sambal. Kile chembamba kilichobandikwa kipande cha jani cha upana wa vidole viwili juu ya plastiki kina bei ile ile na hakina harufu hiyo. Chukua viwili vya jani zima, kwa maana kimoja hakishibishi, na uvile kabla ya saa 4, joto la mchana halijaanza kuugeuza wali.