Ajali ya Bukoba: mita 500 ambazo mjadala unaziruka

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotokea Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliofariki ni 19, wakiwamo marubani wote wawili. 24 wakatoka hai. Ilianguka umbali wa takriban mita 500 kutoka kiwanjani. Tangu siku ile, ndege ndogo ikianguka kwenye kiwanja cha pembezoni, tunabishana jambo lile lile: viwanja vya namna hii viendelee kupokea abiria, au vifungwe hadi viwekewe vifaa?

Wanaotaka vifungwe hawasemi ovyo. Kiwanja cha Bukoba kimebanwa, ziwa upande mmoja na vilima upande mwingine, na rubani hutua akitegemea zaidi macho yake. Manusura walisimulia kwamba walitangaziwa angani kuwa hali ya hewa Bukoba ni mbaya na huenda wakapelekwa Mwanza, kisha wakaambiwa imetulia na ndege inaenda kutua. Kwenye kiwanja chenye mitambo ya kumwongoza rubani hata asipoona mbele, uamuzi kama huo hauning'inii kwenye mawingu kiasi hicho. Ndiyo maana baada ya ajali wengi walikumbushia mpango wa siku nyingi wa kujenga kiwanja kipya Omukajunguti, wilayani Missenyi, kwenye nafasi ya kutosha.

Upande wa pili nao una lake. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,300. Anayesafiri na mgonjwa, au anayewahi msiba, hawezi kuambiwa asubiri kiwanja ambacho kimezungumzwa miaka na miaka. Tena kufunga kiwanja hakuondoi hatari, kunaihamishia barabarani na majini. Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo: Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa. Hapa mimi niko na wanaosema kiwanja kibaki wazi, kwa sharti kwamba rubani anayeamua kugeuza asiulizwe na mtu yeyote, awe bosi wa kampuni au abiria mwenye cheo, kwa nini amegeuza.

Lakini pande zote mbili zinaishia kuzungumzia barabara ya kutua ndege: urefu wake, taa zake, mahali pake. Kilichotokea Bukoba baada ya ndege kugusa maji kinapewa sentensi mbili za pongezi kwa wavuvi, kisha tunaendelea. Kwangu hapo ndipo penye uzito.

Ndege ilizama kwa mbele, mkia ukabaki juu. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja alisimulia jinsi walivyoufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia, na abiria wa upande ule wakaanza kutolewa. Kisha akaelekea mbele, ambako rubani alimwashiria kwa mkono avunje kioo. Akajaribu, akaumizwa na kamba, akazimia, akazindukia hospitali. Mkuu wa Mkoa wa wakati ule, Albert Chalamila, alisema asubuhi ile kwamba walikuwa na mawasiliano na marubani waliokuwa ndani. Watu wakasimama majini, wakaivuta ndege kwa kamba. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba boti ya uokoaji ya Polisi Wanamaji ilikuwa kilometa kadhaa kutoka pale.

Sasa soma Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Kiambatisho hicho ndicho kinachoongoza viwanja vya ndege duniani. Kinataka kikosi cha uokoaji kiweze kufika popote kwenye barabara ya kutua ndani ya dakika tatu. Na kinasema wazi kwamba kiwanja kilicho kando ya maji, ambacho sehemu kubwa ya ndege zake hupita juu ya maji zikitua au kuruka, kiwe na vifaa maalumu vya kuokoa majini. Bukoba ni mfano hasa wa kiwanja hicho. Boti yenye mashine, shoka, majaketi ya kujiokolea na wazamiaji wawili watatu hugharimu sehemu ndogo sana ya fedha za kujenga kiwanja kipya.

Yapo majibu mawili dhidi yangu, na siyachukulii kirahisi. La kwanza: huenda waliokaa mbele wasingeokoka hata boti ingekuwa jirani, kwa kuwa maji yaliwawahi. Kwa baadhi yao inawezekana. Ila kwa rubani aliyekuwa bado anaashiria kwa mkono, jibu hilo halitoshi. La pili ni kwamba kiwanja chenye ndege chache kwa siku hakiwezi kulipa kikosi kinachokaa kusubiri ajali mwaka mzima, na kwamba wavuvi wanatosha.

Wavuvi wasipofundishwa hawatoshi, maana moyo pekee unaweza kuua. MV Bukoba ilipopinduka ilitobolewa ubavuni ili watu watolewe. Hewa iliyoishikilia ikatoka, meli ikazama na waliokuwa ndani. Lakini kuwasubiri wataalamu nako kumetugharimu: mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220, na usiku ulipoingia uokoaji ulisimamishwa. Kwa hiyo naona mialo, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi, iliyo karibu na kiwanja iingizwe rasmi kwenye mpango wa dharura, Zimamoto iwafundishe wavuvi pale pale mwaloni, na mafuta ya boti yatoke kwenye ada ambayo abiria hulipa ndani ya tiketi. Serikali ilielekeza yule kijana apelekwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, jambo la heri kabisa. Wenzake waliobaki mwaloni ndio watakaofika kwanza ikitokea tena.

Mwanza na Musoma navyo ni viwanja vya kando ya ziwa hilo hilo. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege itangaze kwa kila kimoja: boti inalala wapi, nani anaiendesha usiku, na zoezi la mwisho la uokoaji lilichukua dakika ngapi.